Molekuli Zilizokuwa Zikipotea: Historia Fupi ya Migongano Kwenye Baridi ya Mwisho

Wasomaji wangu, leo tuipe PHP mapumziko. Nataka niwasimulie kisa cha kweli ambacho kimenishika kwa majuma kadhaa sasa. Ni kisa cha fizikia, lakini yeyote aliyewahi kukesha akisaka hitilafu kwenye programu atajiona ndani yake. Kuna molekuli zilikuwa zinapotea. Watu werevu walizihesabu, wakangoja sekunde chache, wakahesabu tena, wakakuta zimepungua. Mara ya kwanza walijua zinakokwenda. Kisha wakatengeneza nyingine ambazo kwa hesabu zote hazikuwa na pa kwenda, nazo zikapotea vilevile.

Tuanze na joto lenyewe. Joto la gesi ni mwendo wa chembe zake, basi. Hewa unayovuta sasa hivi imejaa molekuli za naitrojeni zinazokimbia karibu mita 500 kwa sekunde, kasi kuliko sauti, zikigongana kila wakati. Punguza mwendo huo na umepunguza joto. Mwendo ukikaribia kwisha kabisa umefika nyuzi 273.15 chini ya sufuri ya Selsiasi. Hapo ndipo sufuri kamili, na wanasayansi huanza kuhesabu kutoka hapo kwa kipimo cha kelvini. Maji huganda kwenye kelvini 273. Anga la mbali, katikati ya galaksi, lina kelvini 2.7. Sisi leo tunashuka hadi kwenye nanokelvini, yaani sehemu moja ya bilioni ya kelvini moja. Kwenye nanokelvini 350, molekuli nzito kiasi inatambaa milimita nane hivi kwa sekunde. Siafu anaipita bila kutokwa jasho.

Na kemia huko chini inakuwaje? Mwaka wa 1889 Svante Arrhenius wa Uswidi alieleza jambo ambalo kila mpishi analijua kwa vitendo. Mmenyuko wa kikemia, yaani atomi kuachana na kushikana upya zikawa kitu kingine, huenda mbio kwenye joto na hujikokota kwenye baridi. Ndiyo maana nyama tunaiweka frijini. Molekuli zikigongana huwa zina kilima cha nishati cha kupanda kabla hazijabadilika, na zilizopoa hazina nguvu za kupanda. Ukiifuata kanuni hiyo hadi mwisho wake, kwenye nanokelvini kemia yote imelala fofofo.

Lakini kanuni ya Arrhenius inahusu mahali penye kilima. Pasipo na kilima haina la kusema. Tena iliandikwa kabla ya watu kujua kwamba chembe ni mawimbi pia, habari iliyoletwa na Louis de Broglie mwaka wa 1924. Kadiri chembe inavyokwenda polepole ndivyo wimbi lake linavyorefuka. Kwenye joto la chumbani wimbi la molekuli ni fupi kuliko molekuli yenyewe, kwa hiyo unaweza kuifikiria kama gololi na usipotee sana. Kwenye nanokelvini 350 wimbi hilo ni refu karibu mara elfu moja kuliko molekuli. Gololi zimekwisha hapo. Mwaka wa 1948 Eugene Wigner alikuwa amekwisha kupiga hesabu za jinsi chembe zinavyopaswa kugongana zikiwa polepole kupita kiasi. Hesabu zilikuwepo, baridi ndiyo haikuwepo.

Safari ya kuitafuta baridi ni ndefu na nitaipita haraka, kwa sababu imeandikwa sana. Mwaka wa 1908 Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, aligeuza heliamu kuwa kioevu kwenye kelvini 4 hivi. Mwaka wa 1924 Satyendra Nath Bose, akifundisha Dhaka, alimwandikia Albert Einstein, na kutokana na barua hiyo likazaliwa wazo kwamba atomi za aina fulani zikipozwa vya kutosha zitajikusanya zote katika hali moja, ziwe kama wimbi moja kubwa. Mwaka wa 1985 Steven Chu na wenzake katika maabara ya Bell, Marekani, walipoza atomi za sodiamu kwa leza. Ukisikia mara ya kwanza ni kama mzaha, leza si ndiyo inayokata chuma? Ujanja ni kuichagua rangi ya leza kwa uangalifu hivi kwamba atomi inayoikimbilia ndiyo tu inayoumeza mwanga. Kila chembe ya mwanga inaisukuma nyuma kidogo, na baada ya maelfu ya misukumo atomi inakaribia kusimama.

Aside moja ya furaha, na samahani kwa kuchanganya lugha: mwaka wa 1988 William Phillips alipima joto la atomi zake akapata maikrokelvini 40, ilhali nadharia ilisema haliwezi kushuka chini ya 240. Wewe ambaye programu yako imewahi kukimbia kasi kuliko ulivyotarajia unajua hisia hiyo. Hufurahi, unaogopa. Walipima upya kwa njia kadhaa na ikawa kweli, nadharia ndiyo iliyokuwa imesahau jambo. Chu, Phillips na Claude Cohen-Tannoudji walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1997.

Hatua ya mwisho ni ya chai kikombeni. Mvuke unaotoka kwenye kikombe ni zile molekuli zenye joto kuliko wenzake. Zinatoroka, zinazobaki zinagongana na kugawana kilichobaki, na chai inapoa. Mwaka wa 1995, tarehe 5 Juni, Eric Cornell na Carl Wieman katika taasisi ya JILA mjini Boulder, jimbo la Colorado, waliziachilia atomi za rubidiamu zilizo moto zitoroke kwenye mtego wa sumaku hadi zilizobaki zikafika nanokelvini 170, na wazo la Bose na Einstein likaonekana kwa macho miaka 71 baadaye. Ushike vizuri huu mchezo wa chai, utaurudia. Unahitaji migongano mizuri, ile ambayo chembe zinagongana, zinagawana nishati na kuendelea na safari. Mgongano ukiziharibu chembe zenyewe, hupozi chochote. Unamwaga chai tu.

Atomi zikawa zimeshindwa. Kwa nini basi usichukue molekuli ukazipiga leza vilevile? Kwa sababu atomi ni programu yenye hali mbili tatu: inameza mwanga, inautoa, inarudi ilipokuwa, tayari kwa msukumo mwingine. Molekuli inatetemeka, inazunguka, ina maelfu ya hali. Unaisukuma mara moja inaangukia hali nyingine ambayo leza yako haiijui, na imekutoka. Baadaye, mwaka wa 2010, kundi la David DeMille wa Yale lilifaulu kwa molekuli teule ya strontiamu na florini yenye tabia nzuri isiyo ya kawaida. Wengi wengine walizunguka kwa nyuma: poza atomi kwanza, halafu ziunganishe zikiwa tayari baridi.

Kusema ni rahisi. Atomi mbili zikiungana hutoa nishati, na nishati hiyo ikibaki ndani ya mtego umepika kila kitu. Hapa ndipo naomba muwafahamu watu watatu. Deborah Jin, aliyezaliwa mwaka wa 1968, alikuwa mwanafizikia wa JILA ambaye mwaka wa 1999 akiwa na mwanafunzi wake Brian DeMarco alipoza atomi za potasiamu-40 hadi zikaanza kujaza ngazi za nishati moja moja kuanzia chini. Jun Ye, jirani yake wa maabara, alikuwa bingwa wa leza zinazopimwa kwa usahihi wa kutisha. Wa tatu ni Kang-Kuen Ni, wakati huo mwanafunzi wa uzamifu. Wakiwa na Silke Ospelkaus na wengine, walichukua atomi za potasiamu na rubidiamu, wakaweka uga wa sumaku kwenye gausi 546.7 hasa, mahali ambapo atomi hizo mbili zinashikana kwa legelege kama vidole viwili vidogo. Kisha wakatumia leza mbili kwa pamoja. Ya kwanza inainua molekuli, ya pili inaishusha hadi ngazi ya chini kabisa, na tofauti ya nishati inaondoka na mwanga.

Tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani? Ukiigeuza kuwa joto ni kama kelvini 6,000, zaidi ya uso wa jua. Yote iliondolewa, na wingu la molekuli likabaki kwenye nanokelvini 350. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na bado nashangaa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008, makumi ya maelfu ya molekuli za KRb (K ni potasiamu, Rb ni rubidiamu) zikiwa zimetulia kwenye ngazi ya chini kabisa.

Kilichowavutia ni kwamba molekuli hii ina ncha mbili, upande mmoja chanya kidogo na mwingine hasi kidogo. Ni kama dira ndogo ya umeme, na dira mbili zinahisiana hata zikiwa mbali. Tangu mwaka wa 2002 DeMille alikuwa amependekeza kwamba molekuli za namna hii zipangwe zifanye kazi kama biti za tarakilishi ya kwanta. Kwa hiyo mnaona kilichokuwa hatarini. Kila mtu alitaka maelfu ya dira zilizotulia, zinazokaa muda wa kutosha kufanya hesabu.

Na hizo dira zikaanza kutoweka.

Sababu ya kwanza ilipatikana upesi. Molekuli mbili za KRb zikikutana zinaweza kubadilishana wenzi: potasiamu inakwenda na potasiamu, rubidiamu na rubidiamu. Mmenyuko huu hauna kilima na unatoa nishati kidogo, sawa na kelvini 14 hivi. Kwetu sisi hiyo ni baridi ya kuua. Kwa molekuli iliyozoea nanokelvini 350 ni mlipuko mkubwa mara milioni 40 kuliko nishati yake yote, na vipande vinaruka nje ya mtego. Kemia haikuwa imelala hata kidogo.

Makala ya mwaka wa 2010 iliyoeleza haya, Ospelkaus akiwa wa kwanza kwenye orodha ya waandishi, ndiyo naipenda kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie nikae hapa kidogo.

KRb waliyotumia ni fermioni. Chembe za ukoo huo zina sheria kali iliyotolewa na Wolfgang Pauli mwaka wa 1925: mbili zinazofanana kwa kila kitu haziwezi kuwa katika hali moja. Kwa mgongano maana yake ni kwamba molekuli mbili zinazofanana kabisa haziwezi kuja ana kwa ana. Lazima zikaribiane kwa ubavu, zikizungukana, na kule kuzungukana kunajenga kilima cha aina yake. Kilima hicho kina urefu wa maikrokelvini 24. Molekuli zilikuwa na takriban sehemu moja ya mia ya nishati hiyo. Kwa gololi mchezo ungeishia hapo. Kwa mawimbi, sehemu ndogo hupenya kilima na kutokea upande wa pili, na kila inayopenya inamenyuka. Ndivyo molekuli zilivyokuwa zikipungua, polepole, na kadiri walivyozipoza ndivyo mwendo wa kupungua ulivyoshuka sambamba na joto, kama kanuni za Wigner zinavyotaka.

Kisha wakafanya jambo dogo sana. Kila kiini cha atomi kina spini, unaweza kuifikiria kama mshale mdogo unaoelekea upande fulani. Katika kemia ya kawaida hakuna anayejali mshale wa kiini umeelekea wapi. Nishati yake ni kama chembe ya mchanga kwenye lori la mchanga. Watafiti waligeuza mshale katika nusu ya molekuli, nusu nyingine wakaiacha. Umeme haukuguswa, atomi ni zilezile, joto ni lilelile. Lakini sasa molekuli mbili zilizokutana hazikuwa zinafanana tena, sheria ya Pauli ikaondoka njiani, kilima kikatoweka, na mmenyuko ukaenda kasi mara 10 hadi 100.

Fikiria umebadilisha biti moja kwenye faili ambayo programu haiisomi kabisa, na programu ikakimbia mara mia. Mimi ningeshuku diski imeharibika. Wao walionyesha kwamba kwenye baridi hii swali la kwanza ambalo kemia inauliza ni kama molekuli hizi mbili zinatofautika.

Sasa walijua tatizo, wakaanza kulizuia. Mwaka huohuo wa 2010 walionyesha kwamba ukiwasha uga wa umeme ili dira zijitokeze, mambo yanaharibika kabisa: upotevu unapanda kwa kipeo cha sita cha nguvu ya dira. Dira ikiwa na nguvu mara mbili, upotevu ni mara 64. Sababu ni kwamba dira zikija kichwa kwa mkia zinavutana. Zikiwa ubavu kwa ubavu zinasukumana. Kwa hiyo mwaka wa 2011 walizibana molekuli ndani ya matabaka membamba ya mwanga, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, dira zote zikitazama juu. Ndani ya chapati moja huwezi kumjia mwenzako kwa juu, unamjia kwa ubavu tu. Upotevu ukashuka mara makumi. Mwaka wa 2012 walizifungia kila moja kwenye kishimo chake, mfano wa trei ya mayai iliyojengwa kwa leza, nazo zikaishi hadi sekunde 25. Yai haliwezi kugongana na yai la kishimo kingine.

Ila trei ni jela. Kumbuka chai: ukitaka kupoza zaidi unahitaji migongano, na migongano ndiyo iliyokuwa ikiua. Suluhisho lilionekana dhahiri. Mwaka wa 2010 Piotr Żuchowski na Jeremy Hutson walipiga hesabu kwa jozi zote kumi za metali za ukoo wa potasiamu kutoka lithiamu hadi sesiamu. Tano zinaweza kubadilishana wenzi na kupata faida ya nishati, KRb ikiwemo pamoja na zote zenye lithiamu. Tano nyingine, zikiwemo NaK, NaRb na RbCs (Na ni sodiamu, Cs ni sesiamu), haziwezi. Kwao kubadilishana kunagharimu nishati ambayo hazina. Maabara duniani zikageukia hizo tano. RbCs ilitengenezwa Innsbruck na Durham mwaka wa 2014, NaK kule MIT mwaka wa 2015, NaRb huko Hong Kong mwaka wa 2016.

Zote zikapotea. Tena kwa kasi inayokaribiana na ya KRb, kana kwamba kila mgongano wa karibu ulikuwa wa kifo. Hapa ndipo kisa kinapogeuka kuwa cha kwetu sisi waandika programu. Una moduli ambayo umehakikisha haina tawi la kufuta data. Unaiendesha, data inafutika.

Dhana moja ilikuwa tayari mezani. Mwaka wa 2012 na 2013 Michael Mayle, John Bohn na wenzao walisema kwamba molekuli mbili zikigusana zinakuwa kundi la muda la atomi nne, na kundi hilo lina hali nyingi mno za kutetemeka na kuzunguka kiasi kwamba linapotea ndani yake lenyewe kama mgeni Gikomba siku ya soko. Njia ya kutokea ni ileile aliyoingilia, lakini itamchukua muda kuipata. Migongano hiyo ikaitwa ya kunata. Muda wanaonatana, chochote kinaweza kuwapata. Lakini nini hasa?

Mwaka wa 2019 Arthur Christianen na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walinyoosha kidole kwa mshukiwa ambaye alikuwa chumbani siku zote: leza ya mtego wenyewe. Rangi yake ilichaguliwa isiisumbue molekuli moja moja. Hakuna aliyekuwa ameichagua isilisumbue kundi la atomi nne. Kundi likinata kwa muda mrefu, mwanga unaolishikilia unalirusha hadi hali nyingine na halirudi tena. Wasomaji mliowahi kuweka mistari ya logi ili mwone hitilafu, kisha mkagundua logi ndiyo inayoangusha seva, karibuni.

Ushahidi wa kwanza ulitoka kwa Kang-Kuen Ni, yule mwanafunzi wa Boulder, ambaye sasa alikuwa na maabara yake Harvard. Kumbuka kwamba hadi hapo hakuna aliyekuwa ameona mmenyuko wenyewe. Watu walihesabu molekuli zilizobaki wakakisia yaliyotokea. Mwaka wa 2019 kundi lake lilichukua KRb ileile, likatumia leza kunyofoa elektroni kutoka kwa chochote kilichokuwemo, na kupima uzito wa vilivyotoka. Wakaziona K2 na Rb2, yaani wenzi wapya. Na katikati wakaona kitu kizito, K2Rb2, kundi la atomi nne likiwa bado halijaachana. Katika kemia ya kawaida kundi kama hilo huishi kwa muda mfupi kiasi kwamba kuliona ni kazi ya mtu kujitolea maisha. Hapa lilidumu takriban nanosekunde 360, na mwaka wa 2020 walionyesha kwamba mwanga wa mtego unalikatiza maisha. Mwaka wa 2021 walikwenda mbali zaidi, wakahesabu mahali pote 57 ambapo mmenyuko huo unaweza kuishia, kila jozi ya mizunguko ya K2 na Rb2, na mara ngapi unaishia hapo.

Kwa RbCs, kundi la Simon Cornish la Durham lilifanya jaribio ninalolitamani. Mwaka wa 2020 waliuwasha na kuuzima mtego wa mwanga mara nyingi kwa sekunde, haraka kiasi kwamba molekuli hazikupata muda wa kuanguka, lakini makundi yaliyonata yalipata giza la kutosha kuachana. Upotevu ulipungua. Kundi lilionekana kuishi takriban nusu milisekunde, karibu na nadharia ilivyokisia. Kesi imekwisha, mtuhumiwa apelekwe.

Haikwisha. Mwaka wa 2021 watafiti wa Munich walijaribu vivyo hivyo na NaK, na wale wa Hannover (ambako Silke Ospelkaus ana maabara yake) pamoja na Hong Kong wakajaribu NaK ya aina nyingine na NaRb. Gizani zilipotea vilevile. Ama makundi hayo yananata muda mrefu mno kuliko nadharia isemavyo, ama kuna mwizi wa pili. Ripoti moja ya hitilafu imefungwa kwa mashine moja, na mashine nyingine mbili bado zinaanguka. Sijui kama kuna jambo la kweli zaidi kuhusu kazi hii kuliko hilo.

Deborah Jin hakuyaona haya. Alifariki kwa saratani tarehe 15 Septemba 2016 akiwa na miaka 47. Mwaka wa 2019 kundi la Jun Ye lilifanya kwa molekuli za KRb kile Jin alichofanya kwa atomi miaka 20 kabla, kuzipoza hadi zijaze ngazi moja moja, na mwandishi wa kwanza wa makala hiyo alikuwa Luigi De Marco. Brian wa 1999 na Luigi wa 2019. Majina yamelandana tu, lakini nilitabasamu.

Wengine waliona wasingoje jibu. Kama molekuli zikigusana zinakufa, basi zisigusane. Mwaka wa 2018 Tijs Karman na Jeremy Hutson walionyesha kwa hesabu kwamba ukizimwagia maikrowevu za masafa yanayofaa, dira zote zinazunguka kwa pamoja, na mbili zikikaribiana kupita kiasi zinasukumana kabla ya kufika eneo la hatari. Zikiwa mbali bado zinagongana vizuri, mgongano ule wa chai. Kwa NaK masafa hayo ni karibu gigahezi 5.6, jirani kabisa na Wi-Fi yako ya gigahezi 5. Mwaka wa 2021 Harvard waliijaribu kwa molekuli mbili za CaF, kalisi na florini, upotevu ukapungua. Mwaka wa 2022 kundi la Garching, nje kidogo ya Munich, lilitumia ngao hiyo kupoza NaK hadi nanokelvini 21, kwa kuziachilia zilizo moto zitoke. Chai hatimaye ikapoa bila kumwagika.

Halafu mwaka wa 2024 kundi la Sebastian Will wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakisaidiwa na Karman, waliziwekea NaCs maikrowevu za aina mbili kwa wakati mmoja. Walianza na nanokelvini 700 wakashuka hadi 6. Hapo molekuli zikajikusanya katika wimbi moja, lile la Bose na Einstein, miaka 100 kamili tangu ile barua ya Dhaka. Zilikuwa chache, mia mbili hivi, na wimbi lilidumu karibu sekunde mbili. Kwa kipimo chetu ni kufumba na kufumbua macho. Kwa molekuli ambazo miaka michache awali zilikuwa zikifa karibu kila zinapogusana, ni umri mrefu. Ngao inafanya kazi maadamu antena imewashwa. Ukiizima, NaCs zinarudi kunata na kupotea kama zamani, na kule Munich na Hannover swali la NaK na NaRb liko palepale.